Umemaliza digrii ya Kiingereza, unaanzia wapi kutafuta kazi? Uzi maalumu kwa wahitimu na walio mwaka wa mwisho

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa mahafali linarudi swali lile lile: "Kiingereza utakifanyia nini zaidi ya kufundisha?" Wapo wanaojibu kwa kukatisha tamaa, wapo wanaofariji tu, na mhitimu mwenye cheti mkononi anabaki hajui barua ya kwanza aipeleke wapi. Mimi nilisoma Kiingereza, nikaingia kwenye uhariri, kisha uandishi wa miongozo ya vifaa na programu, na sasa nashiriki kuajiri waandishi. Suala hili linanigusa sana kwa sababu naona vijana wenye uwezo mkubwa wakikaa mtaani kwa kukosa maelekezo tu.

Tuanzie kwenye kiini. Aliyesoma uhasibu anatafuta kazi ya uhasibu. Aliyesoma uuguzi, hivyo hivyo. Jina la digrii na jina la kazi ni kitu kimoja. Kwenye Kiingereza hayafanani kabisa. Ukiingia kwenye matangazo ya kazi ukaandika "Kiingereza", utaletewa ualimu, basi. Hapo wengi huamua kwamba nje ya darasa hakuna kitu. Kazi zipo, ila zina majina mengine: mhariri, mwandishi wa miongozo, mwandishi wa maombi ya ruzuku, mbunifu wa maudhui, ofisa mawasiliano, mtunzi wa mitihani, msaidizi wa utafiti wa kisheria. Anayezitafuta kwa jina la digrii yake hatakutana nazo.

Zote hizo nazipima kwa kigezo kimoja, na ndicho nilichokuja kukisema hapa: tafuta mahali ambapo sentensi mbovu inamgharimu mtu. Iwe inamgharimu fedha, muda, afya au haki yake. Hapo ndipo mtu aliyefundishwa kusoma sentensi kwa makini analipwa vizuri na kuheshimiwa. Mahali ambapo sentensi ikiharibika hakuna anayeumia, malipo ni kiduchu na kazi yenyewe haidumu.

Chukueni mfano wa kweli. Sheria ya jimbo la Maine kule Marekani iliorodhesha kazi za vyakula ambazo hazilipiwi saa za ziada. Mwishoni mwa orodha palikuwa na maneno yenye maana ya "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza", na kabla ya "au" hapakuwa na mkato. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba orodha inamtaja anayefungasha mzigo, wakati wao hawafungashi, wao wanasambaza, hivyo walistahili malipo ya saa za ziada. Kampuni ikadai kusambaza ni kazi inayojitegemea kwenye orodha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema maneno yale yana utata, na kwa kuwa yana utata yatafsiriwe kwa faida ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata kampuni ikamaliza shauri kwa kukubali kulipa dola milioni 5.

Sasa jiulize wewe uliyesoma sintaksia, yaani muundo wa sentensi: utata wa aina hiyo si uliuchora kwenye vielelezo vya matawi darasani? Ule ujuzi uliokuwa unauona wa mtihani tu ndio watu walioushindania hadi mahakamani.

Karibuni kwa maswali. Wenye uzoefu wa maeneo mengine naomba mchangie, mimi sijapita kila njia.

#2 Mhitimu mpya

Shikamoo mkuu. Nimemaliza mwaka huu, upande wa fasihi zaidi. Hiyo ya "uandishi wa miongozo" nimeisikia juu juu tu. Ni kazi gani hasa? Na mtu ambaye hakusoma mambo ya kompyuta wala uhandisi anaweza kuingia?

#3 Mleta uzi

Marahaba dada. Anaweza, na wengi wameingia hivyo hivyo. Ngoja nieleze kwa kirefu maana eneo hili ndilo ninalolijua vizuri zaidi.

Kampuni ikitengeneza kitu, iwe mashine ya kupima damu, programu ya malipo au pampu, lazima mtu aandike namna ya kukifunga, kukitumia na kukitengeneza kikiharibika. Mhandisi aliyekibuni anakijua mno, na kwa sababu hiyo anaruka hatua ambazo kwake ni wazi. Kazi yako ni kukaa naye, kumuuliza maswali ya mtu asiyejua, kukijaribu kifaa kwa mikono yako, kuandika, halafu kumpa mtu mwingine maandishi hayo na kumtazama akiyafuata bila wewe kumsaidia. Anapokwama, ndipo maandishi yalipo na kasoro.

Tazama sentensi hii, ya aina ninayoletewa mara nyingi:

"Kifuniko kifunguliwe kwa kulegeza skrubu nne baada ya mashine kuzimwa na kusubiri dakika kumi ili joto lipungue kwani sehemu za ndani zinaweza kumuunguza fundi."

Kisarufi haina kosa. Lakini fundi yuko na bisibisi mkononi. Anasoma maneno machache, anatenda, anarudi kusoma. Tendo la kwanza analokutana nalo ni kufungua kifuniko, na onyo la kuungua limewekwa mwisho kabisa. Inapaswa kuwa hivi:

TAHADHARI: Sehemu za ndani zina joto kali. Zinaweza kukuunguza.
1. Zima mashine.
2. Subiri dakika 10.
3. Legeza skrubu 4 za kifuniko.
4. Ondoa kifuniko.

Hakuna maarifa ya uhandisi yaliyoongezwa hapo. Kilichobadilika ni mpangilio, na mpangilio huo umetoka kwa mtu anayejua msomaji anasoma vipi. Wewe uliyesoma fasihi umefundishwa kuuliza nani anasimulia, anamsimulia nani, na habari ipi inatangulia ipi. Ni kazi ile ile.

Kwenye usafiri wa anga jambo hili limepewa kanuni rasmi tangu miaka ya 1980. Mafundi wa ndege wako dunia nzima na wengi wao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu. Ikatungwa Kiingereza rahisi cha kiufundi, kinachojulikana leo kama ASD-STE100: sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25, na neno lililoidhinishwa libebe maana moja tu. Mtu anayeijua kanuni hiyo ana kitu cha kuzungumza kwenye usaili wa kampuni yoyote ya vifaa vizito.

Kwa upande wa programu za kompyuta, jifunze Markdown, alama rahisi za kupangilia maandishi, ambayo haimchukui mtu muda mrefu, na jifunze Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, kiasi cha kuweza kupeleka marekebisho kwenye hazina ya msimbo. Google wana kozi za uandishi wa kiufundi za bure mtandaoni, zifanye. Kisha nenda kwenye programu huria (ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote) unayoitumia mwenyewe, soma maelekezo yake, tafuta palipokukwamisha, paandike upya na utume pendekezo la marekebisho. Likikubaliwa, jina lako liko hadharani kwenye kazi halisi. Mimi nikiajiri, kiungo kimoja cha namna hiyo kina uzito kwangu kuliko ukurasa mzima wa vyeti vya semina.

#4 Mhariri wa vitabu

Naunga mkono na naongezea upande wangu. Watu wanadhani uhariri ni kukamata makosa ya tahajia. Huo ni usomaji wa prufu, hatua ya mwisho kabisa. Kabla yake kuna uhariri wa muundo, ambapo unamwambia mwandishi sura ya tatu ndiyo ianze na sura ya sita iondoke, halafu kuna uhariri wa sentensi kwa sentensi. Ni stadi tofauti na malipo tofauti. Mkikubaliana na mteja bila kutaja ni hatua ipi, mtagombana.

Mhitimu anayetaka kuingia huku ajifunze kutengeneza jedwali la mtindo. Unapohariri kitabu unafungua faili la pembeni na kuandika kila uamuzi: jina hili linaandikwa hivi, tarakimu kuanzia ngapi, herufi kubwa wapi, mhusika fulani ana macho ya rangi gani ukurasa wa 12 ili ukurasa wa 200 yasibadilike. Nikimpa mtu sura moja ya majaribio akanirudishia na jedwali la mtindo bila kuambiwa, najua huyu ni mhariri. Na ajue kikamilifu mwongozo mmoja wa mtindo, yaani kitabu cha kanuni za uandishi na uhariri. Ule wa Chicago ulitoka mara ya kwanza 1906 na toleo la 18 limetoka 2024. Hata asipoumaliza, ajue kuutafutia jibu kwa haraka.

Wanaoandika riwaya usiku wakiona uhariri ni kupotea njia wamwangalie Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Alichukua digrii ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1953, ya uzamili Chuo Kikuu cha Cornell 1955, akafundisha, kisha akawa mhariri kwenye kampuni ya uchapishaji ya Random House. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1970 akiwa bado mhariri, na aliendelea na ajira hiyo kwa miaka mingi huku akihariri kazi za wengine, ikiwemo tawasifu ya Muhammad Ali. Nobel ikaja 1993. Ajira ile ilimlisha yeye na wanawe, na ikawafikisha wasomaji kwa waandishi ambao wachapishaji wengine hawakuwajali.

#5 Mdau mwenye wasiwasi

Nawaheshimu wakuu lakini mbona hamtaji akili mnemba? Nilikuwa naandika makala za tovuti, malipo kwa neno. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 wateja wameondoka mmoja mmoja. Mwingine ameniambia wazi kwamba sasa anataka nimsafishie tu kilichoandikwa na mashine, kwa sehemu ndogo ya malipo ya zamani. Kwa nini tuwaingize wadogo zetu kwenye fani inayokufa?

#6 Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, na ahsante kwa kulisema wazi. Yaliyokupata yamewapata wengi, wala sitakuambia eti ongeza bidii.

Ila tazama ni kazi ipi iliyoondoka. Makala za kujaza tovuti ili zionekane kwenye injini za utafutaji, maelezo ya bidhaa mia tano yanayofanana, matangazo ya mitandaoni ya kuandika kwa wingi. Ni eneo ambalo sentensi mbovu haikumgharimu mtu hata kabla ya 2022. Mteja alitaka wingi, na kwa wingi mashine inatushinda. Sishauri mhitimu yeyote aanzie huko leo.

Sasa angalia kwingine. Mwaka 2023 mawakili huko New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani hati iliyotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma kwa mashaka, kufuatilia kila rejea na kuweka sahihi yake chini. Mwaka huo huo waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148, na makubaliano waliyopata yanasema maandishi ya mashine hayahesabiwi kuwa kazi ya fasihi, na kampuni ikimpa mwandishi maandishi ya mashine lazima imwambie. Watu wanaojua thamani ya kazi yao walipigania masharti na wakayapata.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako si kuacha kuandika. Sogea kuelekea kwenye uwajibikaji. Katika yale makala uliyoandika lazima kuna mada uliyoirudia mara nyingi kuliko nyingine: bima, afya, kilimo, nishati. Hiyo ndiyo mali yako. Mtu anayeandika Kiingereza kizuri wapo wengi, lakini anayeandika Kiingereza kizuri na akagundua kwamba takwimu ya bima iliyoletwa haiwezekani, huyo ni wa kutafutwa. Acha kujitangaza kuwa mwandishi wa makala, jitangaze kuwa mhariri na mhakiki wa maandishi ya bima, na uombe kwenye taasisi ambayo ikikosea inashtakiwa.

Eneo lingine linalokua ni lugha nyepesi. Marekani ilipitisha sheria ya mwaka 2010 inayozitaka taasisi za serikali kuu ziandike kwa namna ambayo mwananchi anaelewa. New Zealand ikapitisha yake 2022. Mwaka 2023 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likatoa kiwango cha lugha nyepesi. Sheria na kiwango vikishakuwepo, taasisi inahitaji mtu wa kuchukua fomu ya kurasa nane na kuifanya iwe mbili bila kupoteza haki ya mjazaji. Kazi hiyo huwezi kuifanya bila kukaa na wanaojaza fomu na kuwauliza ni swali gani limewatisha.

#7 Mwalimu

Naomba niseme na upande wa darasa, maana humu unatajwa kama pa kukimbilia ukishindwa kote. Mimi nimeuchagua.

Kufundisha Kiingereza kwa watu wazima wanaojifunza lugha ya pili ni taaluma yenye ngazi zake. Cheti kinachotambulika sana ni CELTA cha Cambridge: masomo yasiyopungua saa 120, na ndani yake saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akikutazama. Zile saa sita ndizo zinazokubadilisha. Unagundua umeongea nusu ya kipindi na wanafunzi hawajafungua midomo. Kutoka hapo watu wanakwenda kwenye utungaji wa mitihani, uandishi wa vitabu vya kiada, mafunzo ya walimu.

Utungaji wa mitihani unawafaa sana wahitimu wa Kiingereza na haujulikani. Swali la kuchagua jibu lina jibu sahihi moja na vipotoshi, yaani yale majibu yasiyo sahihi yanayowekwa pembeni yake. Kipotoshi kizuri ni kosa ambalo mwanafunzi wa ngazi ile hulifanya kweli. Kikiwa cha kipuuzi hakipimi kitu, kikiwa karibu mno na jibu unamwonea mwanafunzi. Na mtahiniwa akikosa nafasi ya masomo kwa swali lenye utata, hapo mkuu sentensi imemgharimu mtu kweli kweli.

#8 Msomi wa sheria

Kwa wanaotaka kuendelea na masomo: Marekani shule za sheria zinapokea digrii yoyote ya kwanza, na Kiingereza ni njia ya siku nyingi. Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu ni mhitimu wa Kiingereza. Uingereza tangu 2021 kuna mitihani ya SQE kwa wanaotaka uwakili wa aina ya solisita, na digrii si lazima iwe ya sheria. Ukutubi pia unapokea fani yoyote kwenye ngazi ya uzamili. Hata udaktari haujafungwa: Harold Varmus alisoma fasihi ya Kiingereza hadi uzamili pale Harvard kabla ya kwenda chuo cha udaktari, na mwaka 1989 akapata Nobel ya tiba. Njia hiyo ni ndefu na ina masomo ya sayansi ya kukamilisha kwanza, lakini ipo.

Nawaomba tu msiende uzamili kwa sababu mmekosa kazi. Ukiwa huna eneo kabla ya kwenda, utarudi bila eneo na una deni.

#9 Mhitimu mpya

Nimejifunza mengi, ahsanteni nyote. Swali la mwisho: kwenye CV yangu kuna nini hasa cha kuandika? Nina tasnifu juu ya usimulizi katika riwaya, nilikuwa katibu wa klabu ya midahalo, na nimewasaidia wenzangu kusahihisha tasnifu zao. Sioni kazi hapo.

#10 Mleta uzi

Dada, mimi naona kazi tatu, ila umeziandika kwa majina ya chuoni.

Tasnifu: usiandike kichwa chake na kuishia hapo. Andika ulichofanya. Ulisoma vyanzo vingapi, ukavipanga vipi, ukatetea hoja ya kurasa ngapi, ukakabidhi kwa tarehe iliyopangwa. Mwajiri hajali usimulizi, anajali kwamba unaweza kubeba hati ndefu peke yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukatibu: ulichukua mihtasari ya vikao na kuisambaza. Kuna ofisi nyingi ambazo hakuna anayeweza kuandika muhtasari unaoonyesha nini kimeamuliwa na nani atakifanya. Kusahihisha tasnifu za wenzako: huo ni uhariri. Andika "mhariri wa kujitegemea, maandishi ya kitaaluma", taja idadi na fani zake. Waombe ruhusa wawili uwaonyeshe waajiri ukurasa mmoja mmoja wenye alama za marekebisho yako, majina yakiwa yamefichwa.

Kisha tengeneza sampuli tatu, zisizidi hapo. Ninaposoma maombi nafungua ya kwanza, na ikinivutia nafungua ya pili. Zote ziwe za kabla na baada: waraka halisi uliotolewa hadharani, toleo lako, na aya fupi chini yake inayoeleza kwa nini umebadilisha. Ile aya ndiyo ninayoisoma kwa makini kuliko toleo lenyewe. Mashine inaweza kutoa toleo zuri. Aya inayosema "onyo nimelitanguliza kwa sababu msomaji anatenda huku akisoma" inaniambia kuna mtu aliyefikiri.

Barua ya maombi isianze na mapenzi yako kwa lugha. Ianze na hati yao. Soma mwongozo wao au tovuti yao, tafuta mahali pamoja ambapo mteja atakwama, waeleze kwa heshima, waonyeshe ungeandikaje. Wengine hawatajibu. Wanaojibu hukupigia simu.

Na ukipewa jaribio la usaili, la saa moja au mbili ni haki yao. Wakikutaka uandike mwongozo mzima bure, uliza malipo kabla ya kuanza. Ukiogopa kuuliza hapo, utaogopa hadi mwisho wa mkataba.

Mada ya kushikilia hujaitaja. Uko karibu na nini? Nyumbani kuna muuguzi, fundi, mkulima, mtu wa bima? Anza na eneo ambalo una mtu wa kumuuliza maswali. Ukishaandika sampuli ya kwanza ilete humu kwenye uzi, hati ya awali na toleo lako. Nitaipitia mstari kwa mstari hadharani ili wengine nao wafuatilie, na mhariri wa vitabu hapo juu naamini hatakataa kuiangalia baada yangu.

#11 Mhariri wa vitabu

Sikatai. Ailete na jedwali la mtindo.